Sungura, Zabibu na Ndege Isiyofika Kileleni

Tarehe 19 Novemba 2024 kampuni ya Microsoft ilitoa gemu jipya la kurusha ndege, Microsoft Flight Simulator 2024, kazi ya studio ya Asobo iliyoko Bordeaux, Ufaransa. Siku hiyo watu wengi duniani hawakurusha kitu. Walikaa mbele ya skrini wakitazama mstari ukijaa taratibu, ukifika asilimia 97, ukigoma. Seva zilikuwa zimezidiwa. Baadhi ya waliobahatika kuingia walikuta ndege nyingine hazipo. Wakuu wa mradi wakatoa video kueleza kilichotokea na kuomba radhi, na kwenye duka la Steam maoni ya wateja yakawa makali kiasi kwamba ukiyasoma ungedhani watu wameibiwa ng'ombe.

Miezi kadhaa baadaye wengi wa watu wale wale walikuwa bado wanalicheza, na wanalisifu. Sehemu ya sababu ni ya kifundi tu: makosa yalirekebishwa, si yote, lakini mengi. Sehemu ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika. Ukiwasikiliza wachezaji wakieleza walivyopatana na gemu hili, jambo linalorudi ni moja. Walipunguza matarajio. Waliacha kudai liwe kile walichokiota, wakaanza kuliona lilivyo, na hapo utamu ukaja.

Sasa mimi maneno hayo, kupunguza matarajio, yananitia wasiwasi. Nimeyasikia mahali pengi ambapo anayeyasema ndiye anayenufaika nikiyakubali. Lakini pia nimeyaishi, tena kwa furaha, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwangu, mkono mmoja kwenye kibodi. Kwa hiyo swali langu si la kubuni: mtu aliyetaka kikubwa, akapata kidogo, kisha akakifurahia kile kidogo, ameerevuka au amejidanganya?

Methali zetu hazinisaidii, maana zenyewe kwa zenyewe zinagombana. Mtaka yote hukosa yote, inasema moja. Ukianza kutulia inakuja nyingine kukukumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi. Sawa, lakini nani alipanga kwamba zile kumi ziwe za nenda rudi?

Nadhani pa kuanzia ni kwa sungura. Hadithi wengi wetu tuliisikia tukiwa wadogo: sungura anaona zabibu zimening'inia, anaruka, hazifikii, anaruka tena, anachoka, anaondoka akisema, "Sizitaki mbichi hizi." (Kuna waliosimuliwa kwamba zilikuwa ndizi. Ugomvi huo tuuache.) Kwa Aesop, mwenye hadithi, mhusika ni mbweha, sisi tukampa nafasi hiyo sungura, mjanja wetu wa siku zote, na nadhani tulifanya vizuri, kwa sababu inauma zaidi kuona mjanja akijizunguka mwenyewe. Mwaka 1983 Jon Elster, mwanafalsafa wa Norway, aliandika kitabu kizima kutokana na hadithi hiyo, *Sour Grapes*. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba matamanio yetu mara nyingi hujikata yenyewe yaenee kwenye nafasi iliyopo, bila sisi kujua kwamba yamekatwa. Na kama ni hivyo, basi ukimkuta mtu ametosheka huwezi kusema palepale kwamba ametendewa haki. Huenda ameshasahau kwamba aliwahi kutaka.

Hoja hiyo naikubali. Ila kila nikiirudia ile hadithi naona tumemlaumu sungura kwa kosa lisilo lake. Kuondoka kwake hakuna ubaya. Zabibu ziko juu, miguu imechoka, jua linazama. Angekaa pale hadi lini? Ubaya uko kwenye neno moja, *mbichi*. Angesema "zimenishinda, leo nitakula majani", tungemwita mwenye akili. Hakuhitaji kuzisingizia zabibu ili aondoke.

Hilo ndilo ninalotaka kulifuata, na nitalifuata kwa ndege.

Mimi kwenye gemu hili nilikuja na matarajio ya zamani sana. Nikiwa darasa la sita, Tanga, kaka yangu alinunua kompyuta ya mtumba, na ndani yake mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameacha Flight Simulator 98. Ukiliwasha unajikuta ndani ya Cessna, kwenye uwanja mdogo uitwao Meigs, ukingoni mwa ziwa, Chicago. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuanzia Chicago. Nikayajua maghorofa ya mji ule kabla sijafika Dar es Salaam. Machi 2003 meya wao, Richard M. Daley, alipeleka matingatinga usiku, yakachimba alama kubwa za X kwenye njia ya kurukia, na uwanja ukafia hapo. Sisi Tanga hatukuwa na habari. Tuliendelea kupaa kila jioni kutoka uwanja ambao haupo duniani.

Nilichokitaka lakini si Chicago. Nilitaka kuiona Pangani kutoka juu, na ng'ambo ya mto, Bweni, nyumba ya bibi. Katika gemu lile ukijikokota hadi Afrika Mashariki unakuta rangi ya kijani iliyopakwa, basi. Kaka alikuwa akiniambia, "Subiri, na huku watafika." Nikasubiri miaka zaidi ya 20.

Wakafika mwaka 2020, kwa namna yao. Toleo la mwaka huo lilichukua picha za setilaiti za Bing na kuitandika dunia nzima, kila kijiji, kila kisiwa. Viwanja vichache vilitengenezwa kwa mkono, na kwa Afrika vilikuwemo Cairo na Cape Town, ila hivyo uvipate ilibidi ulipie zaidi ya toleo la kawaida. Kisha yakaanza kutoka masasisho ya nchi moja moja, yenye majengo na milima iliyonyooshwa vizuri: Japani kwanza, Marekani, halafu Uingereza na Ireland. Foleni hiyo msomaji unaijua, umeipanga mahali pengi.

Kwingineko, ambako hakuna picha za kina, kompyuta hukisia. Inaangalia picha iliyopigwa kutoka angani, inaona paa, inajiuliza nyumba yenye paa kama hili ingekuwaje, inaijenga. Mara nyingi inapatia. Mara nyingine inapata maajabu: mwaka huo wa 2020 kitongoji kimoja cha Melbourne kilioteshwa mnara wa ghorofa 212, kwa sababu mtu aliyekuwa akiingiza taarifa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap aliandika 212 badala ya 2. Jumba la Buckingham nalo lilitokea kama jengo la ofisi. Kama makao ya Malkia yalikisiwa, Bweni ni nani?

Kwa hiyo nilipopata hatimaye kompyuta yenye uwezo, mwaka jana, nilijua nisitegemee sana. Kujua na kutotegemea ni vitu viwili. Bibi alifariki mwaka 2017, nyumba ikauzwa, aliyeinunua akaivunja. Nilichokuwa nakitegemea, na sikumwambia mtu, ni kwamba picha ya setilaiti ingekuwa ya zamani. Niliondoka Tanga mjini kwenye kiwanja chetu kidogo, nikafuata ufukwe kuelekea kusini, nikakuta mdomo wa mto mahali pake hasa, na ule ukahawia wa maji ya Pangani unavyoingia baharini na kukataa kuchanganyika. Mto ulikuwa kweli kabisa. Nikavuka. Pale kwenye kilima, pa bibi, palikuwa na nyumba ya ghorofa moja, nadhifu, ina madirisha ya vioo, ya mtu yeyote.

Nikazima kompyuta, sikulifungua gemu wiki mbili. Na bando lenyewe lilikuwa limekwisha: toleo hili jipya haliiweki dunia yote kwenye kompyuta yako, linaivuta kutoka mtandaoni kadiri unavyosonga, kwa hiyo kila kilomita unayoruka ina bei yake.

Aliyenirudisha ni mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alipokuja likizo. Akachagua uwanja wa KIA na Cessna 172, akaelekeza pua moja kwa moja kwenye mlima Kilimanjaro, akapiga mwamba. Akarudia, akapiga tena. Mara ya tatu akaniachia kiti, akaenda kutazama mpira. "Shangazi, hiki kindege chako kibovu, hakipandi."

Si kibovu. Kimefika mwisho wake. Hapa nivumilie kidogo, kwa sababu ndiko nilikojifunza kitu.

Uwanja wa KIA uko kama mita 890 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895, au futi 19,341 kwa hesabu ya marubani. Cessna 172 ya kisasa, aina ya S, ina kikomo cha futi 14,000, yaani kama mita 4,270. Nilidhani kikomo ni kama dari: unafika, unagonga. Sivyo. Kwa kanuni za usafiri wa anga, kikomo cha matumizi cha ndege ya aina hii ni mahali ambapo, ukiwa umesukuma injini hadi mwisho, inapanda futi 100 tu kwa dakika. Bado inapanda. Inapanda kama mtu anayeongea huku anasinzia. Kadiri unavyokwenda juu hewa inapungua, injini inapata pumzi ndogo, mabawa yanapata kidogo cha kushikilia, na wewe unapunguza mafuta kwa kukivuta taratibu kile kishikio chekundu ili mchanganyiko uendane na hewa iliyobaki. Ukiwa na tamaa, ukainua pua zaidi, mwendo unaanguka na unasikia kijifilimbi kwenye bawa la kushoto kinalia. Kifilimbi hicho hakihitaji umeme, ni hewa yenyewe inayovutwa kwenye tundu. Kinakuambia kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba.

Nilitumia zaidi ya nusu saa kufika karibu na futi 14,000. Nilipofika nikaangalia kulia kwangu na nikacheka peke yangu. Kibanda cha Horombo, wanakolala wapanda mlima kwenye njia ya Marangu, kiko mita 3,720: hicho nilikuwa nimekipita. Kibanda cha Kibo kiko mita 4,720. Maana yake ni kwamba wapagazi wanaobeba mizigo kichwani kwenda Kibo, kwa miguu yao, wanalala juu kuliko ndege yangu inavyoweza kuruka. Hata uwanda wa tandiko ulio kati ya Kibo na Mawenzi, ambao kwa mbali unauona kama mlango uliofunguliwa makusudi, uko juu kidogo ya uwezo wangu. Kupita hakuna.

Basi nikauzunguka. Hicho tu. Nikaanzia upande wa Marangu, nikaiacha Mawenzi na meno yake kushotoni, nikatokea Rombo, nikaingia upande wa Kenya ambako mlima unashuka kuelekea nyika ya Amboseli, nikapita kaskazini ambako hakuna mtu anayepaongelea, nikarudi kwa Shira. Uzunguko mzima nilikuwa natazama mlima kwa ubavu. Na mlima kwa ubavu una mambo mengi kuliko kilele. Unaona msitu unavyokatika ghafla, unaona mabonde yalivyochimbwa na maji kama mikunjo ya kanga, unaona jinsi Kibo inavyobadilika sura hadi unashuku kwamba ni milima minne tofauti yenye jina moja. Nisingeyaona hayo ningeweza kupaa juu. Mwaka 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya mlima huu na kuipiga picha kasoko kutoka angani, na picha za namna hiyo ndizo zilizonifanya nitake kupita juu. Bado nataka. Ila siku ile niliacha kutaka kwa muda wa saa moja na nusu, na sikuona kama nimepungukiwa.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika *The Grasshopper*, kitabu chake cha mwaka 1978 (naye kachukua mdudu wake kwa Aesop huyo huyo, yule panzi mvivu), alieleza kwamba kucheza mchezo ni kujitolea kuhangaika na vikwazo ambavyo hukuvihitaji. Mkimbiaji angeweza kukatiza uwanja afike mwisho mapema. Hakatizi, kwa sababu kufika siyo mchezo wenyewe. Mimi vilevile. Kwenye menyu ya gemu kuna jeti ambazo zingenipitisha juu ya Kibo bila hata kusema samahani. Nilibaki na Cessna kwa hiari yangu. Na hapo ndipo mtu makini anapaswa kunikatiza: dada, usituletee falsafa ya kuridhika kutoka kwenye kitu unachoweza kukizima.

Anayenikatiza hivyo ana hoja, na nadhani ndipo wanapoteleza watu wengi wanaoandika kuhusu shukrani, utulivu, kuishi kwa kidogo. Wanachukua utamu wa kikwazo ulichokichagua na kukupa kama dawa ya kikwazo ulichobebeshwa.

Kuna gazeti nililifanyia kazi zamani, silitaji. Mshahara ulichelewa mwezi wa kwanza, ukachelewa wa pili, wa tatu tukaitwa kikaoni. Mkubwa aliyezungumza alikuwa mtu mstaarabu, alituita ndugu zangu. Akasema hali ya magazeti ni ngumu dunia nzima, jambo ambalo ni kweli, matangazo yamehamia mitandaoni, kweli tena, kwa hiyo hatuna budi sote kupunguza matarajio. Mzee wetu wa dawati la michezo akanyoosha mkono. "Bosi, shikamoo. Na wewe umeshapunguza, au tunaanza sisi?" Chumba kizima kilicheka isipokuwa mtu mmoja.

Nimekaa na swali la yule mzee miaka mingi. Kikomo cha Cessna kimewekwa na hewa, na hewa haina kikao. Huwezi kuiandikia barua. Hakuna mtu mahali fulani anayepumua vizuri zaidi kwa sababu mimi nimeishia futi 14,000. Mshahara wa miezi mitatu ni tofauti: kuna mtu alikaa, akaangalia karatasi, akaamua nani alipwe kwanza. Ujanja wa maneno yale ni kuufanya uamuzi uonekane kama hali ya hewa. Hali ngumu. Soko limekuwa hivi. Mfumo haujaruhusu. Ukisikiliza vizuri, sentensi hizo hazina mtu ndani yake, na sisi wa kazi ya habari tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza: nani?

Lakini kinyume chake pia kipo, na chenyewe kinakula watu kimyakimya. Ni kuichukua hali ya hewa na kuitafutia mtu wa kumlaumu. Zile wiki mbili nilizolisusia gemu nilikuwa nimemkasirikia nani hasa? Waliojenga gemu hawakuniahidi nyumba ya bibi. Aliyeinunua nyumba alilipa pesa halali na kuvunja kilicho chake. Bibi alikufa kwa uzee, kitandani, amezungukwa na watu wake. Hakuna wa kumwandikia barua. Kuna kitu kinauma na hakuna mdaiwa, na nadhani hapo, na si pale kikaoni, ndipo kupunguza matarajio kunapokuwa kazi ya heshima. Tena ni kazi ngumu, maana kishawishi cha sungura kiko palepale: ningeweza kusema ile nyumba haikuwa kitu, ilikuwa ya udongo, ilivuja masika, gemu gani lingehangaika nayo. Ingekuwa nafuu. Pia ingekuwa uongo.

Gemu lenyewe, ukilitazama hivyo, limechanganya vyote viwili. Kwamba kompyuta haiwezi kuijua kila nyumba ya dunia, hiyo ni hewa. Kwamba bidhaa ilianza kuuzwa siku ile wakati seva haziwezi kubeba waliolipia, huo ni uamuzi wa watu, na walioomba kurudishiwa pesa walikuwa na haki yao. Waliobaki wakacheza wakafurahi nao si wajinga. Ninachokataa ni lile wazo kwamba wa kundi la pili wamewafuta wa kundi la kwanza, eti kama mnafurahi mlilalamika nini. Mtu anaweza kula chakula kilichochelewa akakisifia chumvi, na bado akamwambia mhudumu kwamba ameletewa saa nzima baada ya kuagiza. Mama zetu wamefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyewaita wanafiki.

Kuna mwanamke ninayemfikiria sana ninapozungumzia haya, na kwa kuwa tuko mahali pa vitabu nitamtaja. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka minne hivi, akakulia huko kati ya farasi na watoto wa Kinandi, akaja kuwa rubani. Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, upande ambao upepo unakupiga usoni. Alikusudia kufika New York. Baada ya zaidi ya saa 20 hewani injini ikakosa mafuta, inasemekana kwa sababu ya barafu kwenye matundu ya tangi, na akaiangusha ndege kwenye bwawa la matope huko Cape Breton, Nova Scotia, pua chini. Akatoka na jeraha la kichwa. New York ikampokea kwa shangwe hata hivyo, kwa sababu alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ile peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi.

Kitabu chake, *West with the Night*, kilitoka mwaka 1942, kikasahaulika, kikachapishwa upya mwaka 1983 na safari hii kikapata wasomaji wa kila aina, yeye akiwa bibi kizee Nairobi. (Wapo wanaodai mumewe wa tatu ndiye aliyekiandika. Ninavyoona mimi, madai ya namna hiyo huwa yanawafuata waandishi wa kike kwa mwendo wa ajabu.) Kinachonivutia katika safari ile ni kitu kidogo tu. Ramani ya historia ingemruhusu aseme kwamba alitaka kuvuka Atlantiki, na akavuka, kwisha. Lakini kumbukumbu zote zinasema New York. Alitaka New York akapata matope ya Nova Scotia, na mambo yote mawili yameandikwa pamoja, hakuna lililomfunika mwenzake. Zabibu zilibaki zabibu.

Siku hizi naruka mara mbili au tatu kwa wiki, kutegemea bando na umeme. Sehemu ile ya gemu inayokufanya uwe mwajiriwa, uanze na leseni ndogo, upewe kazi, upewe alama, nimeijaribu na kuiacha. Kazi ninayo tayari. Naruka bure, karibu na ardhi, kwenye kindege kile kile. Tanga kwenda Pemba asubuhi. Dar kwenda Unguja, ambako unaziona boti kabla hujauona mji. Kusini nimefika hadi Kilwa. Bweni nimepita mara nyingi. Nikikaribia mto napunguza mwendo bila kufikiri, nalitazama lile ghorofa, na nasema, kwa sauti kabisa, siyo hii. Kisha naendelea na ufukwe kuelekea Saadani, na sehemu hiyo ya safari, niseme ukweli, ni mojawapo ya zile ninazozipenda mno: fukwe haziishi, mikoko, mtu hakuna.

Mtoto wa kaka alirudi likizo iliyofuata. Safari hii hakujisumbua na Cessna, akachukua jeti. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki nikamsikia anaita.

"Shangazi! Njoo uone, haraka!"

Nikaenda na mwiko mkononi. Alikuwa juu ya Kibo, juu kabisa, ameinamisha bawa, na chini yake kasoko ilikuwa wazi: duara ndani ya duara, katikati lile shimo la majivu, barafu iliyobaki imekaa pembeni kama vipande vya sabuni.

"Nzuri, eh?"

"Nzuri sana," nikamwambia.

"Sasa wewe kwa nini huchukui hii?"

Nikamwambia aangalie mbele, anaipita.